Makosa kwenye DD 214, cheti cha kuachiwa jeshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na maveterani wa jeshi la Marekani walioko Uganda

Majibu haya ni ya Waganda waliotumikia jeshi la Marekani kisha wakarudi Kampala, Gulu, Mbarara au Arua, pamoja na wajane na watoto wao. Waliostaafu UPDF, jeshi la Uganda, wana njia yao: cheti cha UPDF hurekebishwa na Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani, Mbuya, na fomu zinazotajwa hapa hazina kazi huko.

DD 214 ni karatasi tu. Mbona kosa dogo linasumbua hivi?

Kwa sababu ofisi karibu zote zinaitegemea karatasi hiyo moja badala ya kufungua faili lako zima. Idara ya maveterani ya Marekani, yaani VA, huanza nayo unapoomba fidia ya ulemavu, matibabu ya nje ya nchi au ada ya masomo. Idara ya uhamiaji huitazama unapoomba uraia kwa njia ya utumishi jeshini. Mwajiri huitazama. Ukifa, familia itaulizwa hiyo hiyo.

Chukua mfano wa siku chache tu. Msaada wa masomo wa baada ya 2001 hulipwa asilimia 100 kwa aliyetumikia miezi 36 ya kazi kamili. Aliyefika miezi 30 lakini hajatimiza 36 hupata asilimia 90. Karani aliyeandika tarehe ya kuingia vibaya kwa wiki mbili anaweza kukushusha daraja zima, wala hutajua mpaka chuo kikutumie bili.

Nianze kukagua wapi?

Kwanza hakikisha unayo nakala kamili. DD 214 hutolewa katika nakala kadhaa. Ile inayoitwa Member-1 ni fupi na haina sehemu ya chini kuanzia kisanduku cha 23. Member-4 inayo yote. Wengi huja na ile fupi wakidhani sababu ya kuachiwa ilifutwa, kumbe haikuchapwa kwenye nakala hiyo tangu mwanzo.

Kisha soma kisanduku kwa kisanduku ukiwa na mkataba wako wa kujiunga (DD 4), amri za uhamisho na karatasi za mshahara pembeni. Kisanduku cha 1 ni jina, cha 5 tarehe ya kuzaliwa, cha 4 cheo. Cha 12 ndicho kinachobeba hesabu: 12a siku uliyoingia, 12b siku uliyotoka, 12c jumla, 12f utumishi nje ya nchi. Cha 13 ni medali na cha 14 ni kozi. Cha 18, cha maelezo, watu hukiruka ingawa ndiko mara nyingi huandikwa ulipopelekwa vitani na kwa tarehe zipi. Cha 24 ni hadhi ya kuachiwa, cha 26 na 27 ni misimbo ya kuachiwa na ya kurudi jeshini, cha 28 ni sababu kwa maneno, na cha 29 ni siku ulizohesabiwa kuwa zimepotea.

Hesabu 12c mwenyewe. Toa 12a kutoka 12b, kisha ongeza siku moja, maana siku ya kwanza na ya mwisho zote zinahesabiwa. Aliyeingia 2009 06 03 na kutoka 2013 06 02 ana miaka minne kamili. Jumla yako isipolingana, angalia kisanduku cha 29 kabla ya kulalamika: huenda kuna siku za utoro au za kifungo zilizokatwa.

Sina nakala kabisa. Ilipotea wakati wa kuhama.

Omba kwenye kituo cha kumbukumbu za wafanyakazi cha St. Louis, Missouri. Ni bure kwa veterani na kwa ndugu wa karibu wa marehemu. Kwenye mtandao njia yake inaitwa eVetRecs, ila lazima upite uhakiki wa utambulisho unaowasumbua walio nje ya Marekani. Ukikwama hapo usipoteze mwezi mzima ukijaribu. Chapa fomu SF 180, ijaze, isaini kwa mkono na uitume kwa posta. Isiposainiwa itarudishwa. Omba faili lote la utumishi badala ya DD 214 peke yake, kwa sababu ushahidi wa kosa lako uko ndani ya faili hilo.

Nitajuaje kama kosa langu ni dogo au kubwa?

Jiulize swali moja: je, kumbukumbu nyingine za jeshi lenyewe tayari zinasema ukweli? Kama mkataba unasema uliingia tarehe 6 na DD 214 inasema tarehe 9, hilo ni kosa la kalamu. Hakuna anayebishana nawe. Ofisi ya utumishi inaweza kulirekebisha bila kufika kwenye bodi ya kurekebisha kumbukumbu.

Lakini kama jeshi liliamua jambo, nawe unasema uamuzi ulikuwa mbaya, hilo ni kosa la uamuzi. Hadhi ya kuachiwa, sababu ya kuachiwa, kushushwa cheo, kunyimwa kustaafu kwa sababu ya ugonjwa: yote hayo huenda bodi. Ukipeleka kosa la kalamu bodi utasubiri mwaka kwa jambo la miezi michache, na bodi zenyewe huenda zikalirudisha zikikuambia uanzie ofisi ya chini. Ukipeleka kosa la uamuzi kwenye ofisi ya utumishi utajibiwa kwamba hawana mamlaka. Kuchagua mlango vibaya hupoteza muda kuliko jambo lingine lolote katika shughuli hii.

Kosa la kalamu nalipeleka wapi?

Inategemea tawi. Jeshi la nchi kavu: kamandi ya rasilimali watu, Fort Knox, Kentucky. Jeshi la majini: Millington, Tennessee. Wanamaji wa Marine: Quantico, Virginia. Jeshi la anga: San Antonio, Texas. Aliyekuwa National Guard ana karatasi nyingine, NGB 22, na huanzia makao makuu ya Guard ya jimbo lake.

Andika barua ya ukurasa mmoja. Taja namba ya kisanduku, kinachosomeka sasa, kinachopaswa kusomeka, na kiambatisho kinachothibitisha. Kwa mfano: "Kisanduku 12a kinasoma 2009 06 09. Kinapaswa kusoma 2009 06 06. Tazama kiambatisho A, mkataba wa DD 4, ukurasa wa kwanza." Barua ni kwa Kiingereza, bila shaka. Usisimulie maisha yako yote hapo.

Ukikubaliwa, kwa kawaida hupati DD 214 mpya. Hutumiwa DD 215, karatasi ndogo inayosema kisanduku fulani kifutwe na kisomeke hivi. Hiyo ndiyo marekebisho yenyewe. Zitunze pamoja na utoe zote mbili kila unapoombwa, kwa sababu DD 214 peke yake bado ina kosa lile lile.

Ni makosa gani yanayowapata Waganda zaidi?

Majina, tena kwa mbali. Fomu za Marekani zinataka jina la ukoo, la kwanza na la kati, lakini familia nyingi za kwetu hazina jina moja la ukoo: baba ana lake, kila mtoto ana lake. Hivyo kwenye pasipoti jina moja huwekwa mbele, kwenye cheti cha shule lingine, na karani wa uandikishaji huchagua analoliona. Kisha kuna tahajia. Ssemakula na Semakula ni mtu mmoja kwa Mganda, ila kwa kompyuta ni watu wawili. Hali kadhalika majina yanayochanganya l na r. Aliyekuwa na jina moja tu kwenye pasipoti anaweza kukuta herufi FNU zimewekwa kwenye viza mahali pa jina la kwanza; maana yake ni kwamba jina la kwanza halijulikani, na wapo walioingia jeshini nazo.

La pili ni tarehe ya kuzaliwa. Sisi tunaandika siku kwanza, Wamarekani mwezi kwanza. 03/06 kwa mzazi wako ni tarehe 3 Juni, kwa karani wa Marekani ni tarehe 6 Machi. DD 214 huandika mwaka, mwezi, siku, kwa hiyo kosa likishaingia huonekana safi kabisa. Aliyezaliwa tarehe 13 na kuendelea yuko salama kidogo, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13.

Kabla ya kudai, angalia mkataba wa kujiunga na karatasi za uandikishaji zilisema nini. Ikiwa wewe mwenyewe ulitoa tarehe ile ile unayoiita kosa, kesi yako si ya kalamu tena. Utahitaji cheti cha kuzaliwa cha NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili ya Uganda, na maelezo ya kwa nini ulitoa tofauti. Cheti kilichotolewa juzi kwa mtu wa miaka 40 kina uzito mdogo. Kiambatanishe na cheti cha ubatizo, rekodi za shule au kadi ya kliniki vilivyoandikwa ukiwa mtoto.

Nilibadilisha jina nilipopata uraia, au baada ya kuolewa. Nataka DD 214 ifuate.

Hapa wengi huvunjika moyo. DD 214 inarekodi hali ilivyokuwa ulipokuwa ukitumikia. Jina likiwa lilikuwa sahihi wakati huo, bodi kwa kawaida huona hakuna kosa la kurekebisha, hata kama leo unaitwa vingine. Bodi ya jeshi la nchi kavu mara nyingi hukataa ombi lakini huamuru nakala ya uamuzi iwekwe kwenye faili ili majina mawili yaunganishwe. Kwa ofisi nyingi hilo linatosha, ukiambatanisha cheti cha uraia chenye jina jipya au cheti cha ndoa. Ukibadilisha jina hapa Uganda, hakikisha unayo hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa pamoja na tangazo la kwenye Gazeti la Serikali. Bila hizo hakuna kinachounganisha mtu wa zamani na wa sasa.

Nilikwenda Iraq (au Afghanistan, au Kuwait) lakini haionekani. Na medali zangu je?

Hili mara nyingi ni la kalamu, mradi una karatasi. Amri ya safari ndiyo bora. Ukiikosa, tafuta karatasi za mshahara za miezi hiyo: malipo ya hatari na msamaha wa kodi ya eneo la vita huonekana humo, na jeshi haliwezi kukana kwamba lilikulipa. Tathmini ya utendaji iliyoandikiwa huko nayo inafaa. Picha yako ukiwa jangwani haithibitishi chochote.

Kwa medali, kinachotakiwa ni namba ya amri iliyokupa medali hiyo. Barua ya afande wako kwamba ulistahili ni ombi la kupewa medali, nalo ni jambo tofauti na refu zaidi.

DD 149 inajazwaje?

Ndiyo fomu ya bodi za kurekebisha kumbukumbu. Kila jeshi lina bodi yake. Ya Navy inawashughulikia Marine pia, na ya jeshi la anga inawashughulikia wa Space Force. Fomu yenyewe ni fupi. Anayeshinda na anayeshindwa hutofautiana kwenye viambatisho.

Mambo matatu yaandikwe wazi: unataka nini kibadilishwe, kwa nini ni kosa au dhuluma, na uligundua lini. "Naomba kumbukumbu zangu zirekebishwe" si ombi. "Naomba kisanduku 24 kisomeke HONORABLE na kisanduku 28 kibadilishwe ipasavyo" ni ombi. Bodi huanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Bodi haichunguzi kwa niaba yako. Haimpigii simu sajini wako wa zamani, wala haitafuti rekodi za hospitali binafsi ya Kampala. Usichokiweka kwenye bahasha, kwao hakipo.

Panga viambatisho kwa herufi, andika orodha yake mbele, na tuma nakala huku asili zikibaki nyumbani. Unaweza kuomba kusikilizwa ana kwa ana, ila bodi hizi huamua karibu kila kitu kwa karatasi. Andika kana kwamba hutapata nafasi ya kufafanua.

Nimechelewa. Nilitoka jeshini 2012.

Muda ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, au ulipopaswa kuligundua, na hauhesabiwi tangu ulipotoka. Bodi pia inaweza kusamehe kuchelewa ikiona haki inadai hivyo. Usiache nafasi hiyo tupu kwenye fomu. Eleza kwa sentensi mbili au tatu kwa nini hukujua, kwa mfano kwamba ulikuwa na nakala fupi tu mpaka St. Louis ilipokutumia kamili, na uweke barua yao yenye tarehe.

Hadhi yangu si HONORABLE. Nifanye nini?

Kama hujapitisha miaka 15 tangu kuachiwa, anza na bodi ya kupitia hadhi za kuachiwa kwa fomu DD 293. Huko nafasi ya kusikilizwa ni kubwa zaidi. Bodi hiyo haina mamlaka juu ya hadhi iliyotolewa na mahakama kuu ya kijeshi, wala haiwezi kukupa kustaafu kwa ugonjwa. Ikikataa, bado unaweza kwenda DD 149. Ukipitisha miaka 15, nenda DD 149 moja kwa moja.

Tofauti ya hadhi si ya sifa tu. Mwenye GENERAL, hadhi iliyo chini kidogo ya HONORABLE, anaweza kupata huduma nyingi za VA, lakini msaada wa masomo wa baada ya 2001 unataka HONORABLE. Na mtu aliyepata uraia kwa utumishi wa kijeshi anaweza kunyang'anywa akiachiwa kwa hadhi isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima, kwa hiyo usilidharau.

Kama tabia iliyokutoa jeshini inahusiana na msongo wa baada ya kiwewe, jeraha la ubongo au kudhulumiwa kingono ukiwa kazini, sema. Maelekezo ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ya 2014 na 2017 yanazitaka bodi kuangalia maombi hayo kwa upole zaidi, na maelezo yako mwenyewe yanaweza kuwa ushahidi hata kama hukumwona daktari wakati ule. Ripoti ya daktari wa Butabika au wa hospitali nyingine inayotaja dalili na lini zilianza inasaidia sana. Wanaume wengi huficha hili kwa aibu na kuandika tu kwamba "nilikuwa kijana". Ujana haujawahi kuwa hoja nzito.

Kwa neno UNCHARACTERIZED, la walioondolewa katika miezi ya mwanzo ya mafunzo: si adhabu, na bodi hazilibadilishi kirahisi.

Mashahidi wangu wako Uganda. Kiapo cha wakili wa hapa kinakubalika?

Ndiyo, hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya kamishna wa viapo inafaa. Hata bila yeye, sheria ya Marekani inakubali tamko lisilo la kiapo likisainiwa nje ya nchi, mradi mwisho wake kuna sentensi hii kwa Kiingereza, tarehe na saini: "I declare under penalty of perjury under the laws of the United States of America that the foregoing is true and correct." Huhitaji kulipia muhuri wa ubalozi. DD 149 yenyewe haihitaji wakili wala muhuri. Saini yako inatosha, na uongo ndani yake ni kosa la jinai.

Shahidi aseme alichokiona, wapi na lini. Barua ya mwenyekiti wa LC1 kwamba wewe ni mtu mwema kijijini inaweza kuonyesha maisha yako ya sasa kwenye ombi la hadhi. Kwa tarehe ya kuingia jeshini haina maana.

Itachukua muda gani, na barua zitanifikiaje?

Sheria inazitaka bodi kumaliza asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na yote ndani ya miezi 18. Jiandae kwa ule wa pili. Katikati bodi inaweza kuomba maoni ya kitaalamu kutoka ofisi nyingine ya jeshi, kisha ikakutumia uyajibu ndani ya muda mfupi unaoandikwa kwenye barua. Hapo ndipo walioko Uganda hupoteza kesi: barua inakaa kwenye sanduku la posta la shule ya binamu huku siku zikiisha. Toa barua pepe unayoifungua kila wiki na sanduku la posta lenye mtu wa kulikagua, na ukihama wajulishe kwa maandishi. Kama bodi yako inapokea maombi mtandaoni, tumia njia hiyo.

Wamekataa.

Soma sababu kwanza. Ukiwa na ushahidi mpya ambao hawakuuona, unaweza kuomba waangalie tena. Kurudisha hoja zile zile kwa sauti ya juu hakusaidii. Mahakama ya shirikisho ipo, kwa kawaida ndani ya miaka 6 tangu uamuzi, lakini hapo unahitaji mwanasheria wa Marekani.

Kuna mtu Kampala anataka dola 800 anishughulikie. Nimlipe?

Vyama vya maveterani kama American Legion, VFW na DAV husaidia bure, hata asiye mwanachama. Mwanasheria anaweza kutoza kwa kazi ya bodi na wakati mwingine anafaa, hasa kwa hadhi ya kuachiwa. Lakini anayekuandalia madai ya VA lazima awe ameidhinishwa na VA. Muulize namba yake na uitafute. Anayekuahidi matokeo muache. Anayetaka kubaki na DD 214 yako halisi, yenye namba yako ya hifadhi ya jamii, mkimbie.

Wala usikubali "kusafishiwa" karatasi kwa kompyuta. Kubadilisha cheti cha kuachiwa jeshi ni kosa la shirikisho lenye kifungo cha hadi mwaka 1, na St. Louis ina nakala ya kulinganisha.

Mume wangu amefariki. Naweza kuomba?

Unaweza. Ambatanisha cheti cha kifo cha NIRA na cheti cha ndoa. Ndoa ya kimila isiyosajiliwa ndiyo kikwazo: isajili kwanza kwenye gombolola, hata kwa kuchelewa. Kwa kumbukumbu za St. Louis, mjane aliyeolewa tena hahesabiwi kuwa ndugu wa karibu, kwa hiyo mtoto ndiye asaini SF 180.

Nililinda kambi ya Wamarekani Iraq kupitia kampuni ya ulinzi. DD 214 yangu iko wapi?

Haipo. Walinzi wa kampuni, hata waliobeba silaha ndani ya kambi, walikuwa wafanyakazi wa mkandarasi, si wanajeshi. Kama uliumia kazini, sheria yako ni Defense Base Act na madai huenda Wizara ya Kazi ya Marekani. Taarifa ya jeraha hutakiwa ndani ya siku 30 na madai ndani ya mwaka 1. Kwa ugonjwa uliosababishwa na kazi, miaka 2 tangu ulipojua chanzo chake. Mkataba wa kampuni, kitambulisho cha kambi na mihuri ya pasipoti ndizo karatasi za kutunza.